Mtoto Si Kamba ya Kumfungia Mamake

Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani kwangu, hapa Kuze mjini Mombasa. Kando yangu, kwenye kizingiti, ameketi mtoto wa kiume wa miaka sita. Viatu amekwisha vaa, kanzu yake imepigwa pasi, na kofia ameipakata magotini ili isichafuke. Alikuwa akimngoja babake. Alingoja mpaka kahawa yangu ikapoa, alingoja mpaka watu wakaanza kupita kwenda msikitini, alingoja mpaka muadhini akaadhini magharibi. Babake hakuja. Mtoto akavua viatu mwenyewe, akavipanga sawasawa kando ya mlango, kisha akaniuliza, "Babu, kwani leo si Ijumaa?"

Sikuwa na jawabu la kumpa. Nilimshika mkono tukaenda kusali.

Mtoto huyo ni mjukuu wangu. Mamake ni binti wa marehemu kaka yangu, nami ni ami yake. Siku ya nikaha babake alikuwa keshafariki, na hakuwa na ndugu wa kiume, basi mimi ndiye niliyekuwa walii. Mkono wangu huu ndio ulioushika mkono wa yule kijana, na ulimi wangu ndio uliotamka kwamba nimemwoza. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kuwa sikuja hapa kusimulia ya majirani. Binti mwenyewe ameniruhusu kuandika, madhali majina hayatajwi na mambo madogo madogo nimeyageuza.

VUMILIA, MWANANGU

Mara ya kwanza alikuja kwangu na jicho limevimba. Nilipomwuliza alisema ameteleza kwenye ngazi. Nyumba waliyokuwa wakikaa huko Likoni naijua. Ni nyumba ya chini, haina ngazi hata moja. Nikanyamaza. Mke wangu akampa chai ya tangawizi, na jioni nikamsindikiza mpaka kwenye feri arudi kwake.

Mara ya pili alikuja na mtoto mgongoni na mkono umefungwa bendeji. Hapo nikamwita mume. Alikuja siku ya pili yake, amevaa vizuri, amechukua halua ratili mbili, akanibusu mkono na kusema, "Ami, ni shetani tu." Nikamgeukia binti wa kaka yangu nikamwambia maneno ambayo kila mzee wa Pwani anayajua kwa moyo: vumilia mwanangu, hakuna nyumba isiyokuwa na moshi. Akajifunga buibui lake, akamfuata mumewe. Halua ile tuliila.

Mara ya tatu hakuja kwangu. Alikwenda kituo cha polisi akapewa fomu ya P3, akaenda nayo hospitali, kisha akaenda kwa Kadhi. Mimi, niliyekuwa walii wake, nilizisikia habari hizo mahali pa kahawa kama mtu baki. Ndipo nilipojua kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba mimi nilikuwa nikiutazama mtungi kwa nje na kuusifu rangi.

Mama mmoja Mmarekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za Makadhi za Pwani yetu katika miaka ya themanini, akasikiliza kesi za mume na mke, na kitabu chake kikatoka mwaka 1998. Aliona kwamba wanaofungua kesi aghalabu ni wanawake, wale wale tunaowasifu kwa subira, na kwamba wakifika mbele ya Kadhi husema, na mara nyingi hupata haki yao. Basi si kwamba wanawake wetu hawana ulimi. Ni sisi wa nyumbani tuliokosa masikio.

MLANGO WA PILI

Ndoa ikavunjwa. Edda ikesha. Ikaamriwa kwamba mtoto akae na mamake, na babake amchukue kila Ijumaa alasiri amrudishe Jumamosi kabla ya magharibi. Mimi nikashukuru, nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe mlango mmoja umefungwa na mwingine umefunguliwa.

Ijumaa za mwanzo baba alikuwa akija mpaka mlangoni kwa mtalaka wake. Alibisha kwa ngumi. Mtoto akitolewa, alisimama pale pale na kutukana mpaka majirani wakafungua madirisha. Baadaye akaanza kumwuliza mtoto: nani huja kwenu? Mama huzungumza na nani kwenye simu? Mtoto akirudi nyumbani, halali. Kisha ikaja Jumamosi ambayo hakumrudisha kabisa. Ikapita Jumapili, ikapita Jumatatu. Mama akapiga simu, akajibiwa, "Ukimtaka mwanao, njoo umchukue mwenyewe." Akapanda feri, akaenda. Alirudi na mtoto, na buibui limechanika kuanzia begani.

Tangu siku hiyo akakataa kumtoa mtoto. Baba naye akazunguka mji mzima akilalamika kwamba amenyimwa mwanawe na kwamba amri ya mahakama imevunjwa. Watu wakamwonea huruma. Na kwa hakika, aliyeyaona ya mwisho tu, asiyaone ya mwanzo, angemwonea huruma.

Nimezungumza na wanawake wengine tangu wakati huo, hapa mjini na ng'ambo ya kivuko, na kila mmoja alidhani yake ni ya peke yake. Lakini nilikuwa nikisikia hadithi moja. Mtu apigaye mkewe hapigi kwa hasira peke yake, kwa sababu huyo huyo hukasirishwa na bosi wake kazini na wala hamgusi. Hupiga ili atawale. Talaka ikitoka, kitu cha kutawalia kilichosalia ni mtoto. Basi saa za kumchukua na kumrudisha huwa kamba: leo huja mapema, kesho huchelewa, keshokutwa haji. Pesa za matumizi huwa kamba: hazitumwi mpaka mama aje kuziomba kwa mkono wake. Na kinywa cha mtoto huwa kamba: hupewa maneno ya kupeleka na habari za kuleta. Wa kuvutwa ni mama, lakini shingo iliyofungwa ni ya mtoto.

Wala tusidhani kwamba nyumba za namna hiyo ni za kuhesabu kwa vidole. Uchunguzi wa serikali juu ya afya na watu nchini Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 49, 34 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Wengi wao wana watoto.

BARAZA YA WAZEE

Tuliitwa wazee sita tuamue. Mmoja, mtu mwema nimheshimuye, akafungua mazungumzo kwa kusema, "Mtoto ni wa baba. Jina ni la baba, nasaba ni ya baba. Mama ni nani wa kumzuia?" Wengine wakatikisa vichwa. Miaka michache nyuma ningetikisa na changu.

Siku hiyo niliwakumbusha kisa alichokipokea Imamu Malik katika Muwatta. Seyyidna Umar alikuwa ameachana na mke wa Kiansari aliyemzalia mtoto jina lake Asim. Siku moja alikwenda Kuba, akamkuta Asim akicheza uani mwa msikiti. Akamshika mkono, akampandisha mbele yake juu ya mnyama wake ili aondoke naye. Bibi yake mtoto akamfuata mbio, wakavutana, mpaka wakafika kwa Seyyidna Abubakar aliyekuwa Khalifa. Umar akasema ni mwanangu, na yule bibi akasema ni mwanangu. Abubakar akaamua kwamba Umar amwache mtoto kwa bibi yake. Na Umar, ambaye kwa ushujaa wake hakuna asiyemjua, hakurudisha neno.

Nikawauliza wenzangu: ikiwa Umar alihukumiwa akanyamaza, huyu kijana wetu ni nani hata asiwekewe mpaka?

Mwenzetu mwingine, aliyesoma kunishinda, akaongeza kisa cha mwanamke aliyemwendea Bwana Mtume (s.a.w.) akalalamika kwamba mumewe aliyemwacha ataka kumnyang'anya mwanawe, naye ndiye aliyembeba tumboni, akamnyonyesha na kumpakata. Mtume akamhukumia kwamba yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa. Tena kuna kile cha mtoto mkubwa kidogo, aliyekwisha kuweza kumtekea mamake maji kisimani. Huyo Mtume alimwonyesha babake na mamake, akamwambia ashike mkono wa amtakaye. Akaushika mkono wa mamake, wakaondoka.

Sisi wafuasi wa Imamu Shafii tulisomeshwa chuoni kitabu kidogo cha Abu Shujaa. Humo mlezi ana masharti saba, na mojawapo ni uaminifu. Mama hutangulia mpaka mtoto afike umri wa kupambanua, nao hukisiwa kuwa miaka 7, kisha mtoto hupewa hiari. Tulikariri masharti yale kwa sauti huku fimbo ya mwalimu ikituangalia, lakini sikumbuki hata siku moja tukiulizana: mtu avunjaye mkono wa mama mbele ya mtoto, uaminifu wake wa ulezi umebaki wapi?

Na juu ya yote iko Sura ya Bakara. Aya ya 231 inakataza kumzuia mwanamke kwa nia ya kumdhuru. Aya ya 233 inasema kwamba mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Aya hiyo ya pili imewataja wote wawili, nasi aghalabu huisoma nusu.

HAKI YA BABA NAYO

Kwa hiyo lazima niseme na upande wa pili, nisije nikawa kama wale wasomao nusu. Namjua mvuvi mmoja ambaye hajamwinulia mtu mkono. Waliachana na mkewe kwa mambo ya kawaida ya maisha, na sasa ni mwaka wa pili hajamwona binti yake. Kila akienda huambiwa mtoto amelala, mtoto yuko madrasa, mtoto hataki. Huyo amedhulumiwa, na binti yake amedhulumiwa zaidi. Mwanazuoni yeyote atakwambia kwamba mama mlezi hana ruhusa ya kumzuia baba kumzuru mwanawe kwa kiasi kilichozoeleka.

Lakini tusiwatie watu wawili hawa katika kapu moja. Mama amwogopaye mtu aliyempiga, na mama amchukiaye tu mtalaka wake, wote wawili hufunga mlango. Kazi ya mwamuzi ni kuuliza mlango umefungwa kwa nini. Tukiruka swali hilo tukasema tu "amtoe mtoto", tutakuwa tumemrudisha mwanamke kwenye ngazi zile zisizokuwepo.

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au hawakuoana. Pia inampa haki ya kukingwa na ukatili, na inasema kwamba katika kila jambo limhusulo mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 2001, imejengwa juu ya msingi huo huo. Kwa hivyo mzazi anapokwenda mahakamani kudai kumwona mtoto, hakimu hamwulizi nani kamzaa tu. Huangalia pia kama mtoto amepata madhara au yuko hatarini kuyapata.

Kuna na Sheria ya Kinga ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015. Wengi hudhani kwamba talaka ikitoka, mtalaka si mtu wa nyumbani tena na sheria hiyo haimfikii. Sivyo. Inamhusu mume au mke wa sasa na pia aliyekuwa zamani. Na dhuluma kwayo si kofi peke yake. Kutisha, kufuatafuata mtu na kumnyima matumizi kwa ubaya vimo. Hata wakwe kuingilia mambo ya watu kumetajwa. Aliyedhulumiwa aweza kuomba amri ya ulinzi, na mwenye kuivunja ana kesi ya kujibu.

Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, amepewa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Ndiyo sababu wengi wetu humaliza talaka mbele ya Kadhi na kuyapeleka mambo ya ulezi kwenye Mahakama ya Watoto. Si kasoro ya dini wala si kuikimbia sharia.

Ushauri ambao ningetamani nimpe binti wa kaka yangu mapema ni huu: amri ya mahakama ikikuletea hatari, usiivunje mlangoni peke yako, maana mwenye kukudhulumu ataigeuza kuwa silaha yake. Rudi pale pale ilipotolewa, uombe ibadilishwe. Andika siku na saa ya kila kisa. Weka ujumbe wa simu. Mwone afisa wa watoto. Aliye taabuni na hajui aanzie wapi, zipo nambari za simu zisizolipishwa: 116 kwa ajili ya watoto, na 1195 kwa ajili ya dhuluma za kijinsia.

KIZINGITI CHANGU

Binti alirudi mahakamani, na safari hii nilikwenda naye. Niliulizwa kama niko tayari mtoto akabidhiwe kwangu. Nikasema niko tayari. Niliona hiyo ndiyo kafara ya halua ile.

Mambo tuliyapanga hivi. Ijumaa mamake humleta mtoto baada ya sala ya adhuhuri, kisha hutoka kwa mlango wa uani na kwenda zake. Baba huja alasiri. Hawakutani. Miezi ya kwanza alikaa naye hapa hapa ukumbini, mimi nikiwa karibu na tasbihi yangu, nikijifanya siwasikii. Baadaye akaruhusiwa kumchukua mpaka magharibi, wakaenda Forodhani kutazama maji, wakarudi. Kulala kwa baba hakujaruhusiwa bado. Pesa za matumizi hutumwa kwa simu, haziombwi. Maneno ya wazazi hayapiti kinywani mwa mtoto. Kama kuna la ugonjwa au la shule, huandikwa katika daftari lililo juu ya meza yangu. Daftari hilo lina kurasa nyingi tupu, nami nashukuru.

Hayakuwa mepesi. Baba alinuna, akasema nimemgeuza mgeni kwa mwanawe. Ijumaa tatu alisusa, na ya kwanza katika hizo tatu ndiyo ile ya mtoto na viatu. Mamake alipoambiwa alilia, akasema, "Ami, hata nikimchukia siwezi kulifurahia hilo." Mwanamke huyo ndiye tuliyekuwa tukiambiwa anamnyima mtoto babake.

Ijumaa ya nne akaja. Nikamkaribisha, nikampa kahawa. Akauliza, "Ami, mtoto aliniulizia?" Nikamwambia, "Aliuliza kama kweli ni Ijumaa." Akainama. Viatu vya mtoto vilikuwa kando ya mlango, vimepangwa. Akavitazama kwa muda mrefu, nami sikumwongezea neno.

Tangu hapo ni nadra kukosa. Sisemi kwamba amebadilika. Mimi si mjuzi wa nyoyo. Wala sisemi kwamba binti wa kaka yangu amesahau. Bado pikipiki ikisimama ghafla njiani hugeuka. Nasema tu kwamba ni mwaka wa pili sasa hajafika mlangoni kwake. Pengine si kwa kuwa moyo wake umetakata. Ni kwa kuwa mlango wa kubisha hana.

Hilo ndilo tuwezalo sisi wazee. Hatuwezi kumsafisha mtu nafsi yake, lakini vizingiti tunavyo. Kila mtaa wetu una mtu mzima mwenye baraza na muda wa alasiri. Tulipokuwa tukisema "vumilia" tulidhani tunajenga nyumba. Afadhali tungesema, "Mlete mtoto hapa kwangu, nawe pita mlango wa uani."

Katika zile Ijumaa tatu za kungoja, nilitunga ubeti huu, nao naupeleka kwa wazazi wa pande zote mbili:

Sikizani nisemayo, enyi baba nanyi mama,
Lainisheni ya moyo, mukutane kwa salama,
Si kamba muivutayo, mwana ni wenu neema,
Mwachanapo si kukoma, kuwa wazazi wa mwana.

Mjukuu wangu sasa ana miaka minane. Umri wa kuulizwa umefika, na siku moja ataulizwa aushike mkono wa nani. Sijui atasema nini, wala sitamfundisha. Sikukuu iliyopita babake alikuja na halua, ratili mbili, kama siku ile. Akainyosha kwangu. Nikamwambia ampe mwanawe, na mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani juu ya daftari. Mimi sikuionja.